Picha ya Arusi na Haki ya Kila Uso

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Wapenzi wasomaji, ndugu zetu na mama zetu, wiki hii tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo kwa ukurasa huu: namna ya kutia mwanga katika picha ya jamaa wengi ndani ya nyumba, siku ya arusi au ya mahafali ya madrasa, kwa gharama isiyomwelemea mwenye shughuli. Twaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwani ndani ya jambo hili mna haki za watu, na haki ya mtu haiwi ndogo.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulisimamia mahafali ya madrasa hapa pwani. Baada ya maghrib tuliomba wapigwe picha walimu na wazee wa madrasa, nasi tukamharakisha kijana mwenye kamera kwa kuwa adhana ya isha ilikuwa karibu. Watu wakapangwa safu nne, mmoja nyuma ya mwingine. Kijana akasimama karibu nao, akafyatua flashi mara mbili, kisha tukatawanyika. Picha ilipotoka, waliokaa mbele walikuwa weupe kama waliomwagiwa unga, na safu ya mwisho ilikuwa giza. Katika safu ile ya mwisho alisimama mwalimu mmoja, bibi mzee aliyesomesha Juzuu Amma vizazi vitatu vya mtaa wetu. Haya zake ndizo zilizompeleka nyuma. Uso wake haukuonekana. Kilichoonekana ni vioo viwili vya miwani vikimeta.

Mwaka huohuo alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanawe walipokuja kutuuliza kama tunayo picha ya mama yao, tulikuwa na ile moja tu. Tukawapa. Walishukuru kwa adabu wala hawakusema neno, nasi tulijua kwamba tumewapa kivuli. Kosa halikuwa la kijana yule. Sisi ndio tuliomharakisha, na sisi ndio tuliopanga zile safu.

Tangu siku ile tukaanza kuuliza. Tulimwendea mzee mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi ya studio maisha yake yote, tukamweleza yaliyotokea. Akacheka kwa upole, akasema: "Maalim, mwanga ni kama sinia ya pilau. Ukiiweka mlangoni, walio mlangoni watakula nyama, na walio ndani wataambulia ukoko. Mwenye shughuli hasemi kwamba chakula kilikuwa kingi. Aulizwa kama kila mgeni alikula."

Maneno hayo tuliyashika. Wazee wetu walipotaka picha ya ukoo, aghalabu walikwenda studio, kama vile Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au studio ya Omar Said Bakor kule Lamu. Studio ni chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya mwanga. Mgeni hukaa alipoambiwa, na fundi ajua kila taa itaangukia wapi. Siku hizi mambo yamegeuka. Mpiga picha ndiye aifuataye familia, na humkuta bibi arusi katika ukumbi ambao aliyeujenga hakufikiria kamera hata siku moja. Kwa hiyo elimu iliyokuwa ya fundi peke yake yafaa sasa ijulikane na kila mwenye kuandaa shughuli.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya hukumu. Twajua kwamba wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha za kamera. Wako waliozikataza kwa kuziingiza katika makatazo ya kutengeneza sura. Wako waliozijuzisha, miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika risala maalumu akieleza kwamba kamera haiumbi kitu. Huzuia tu kivuli cha kitu kilichoumbwa na Mola. Sisi hatukuja hapa kuumaliza mjadala huo. Twasema tu: asiyetaka kupigwa picha asilazimishwe wala asichekwe, na anayetaka apigwe kwa adabu na kwa uadilifu.

Sasa tuje Buyangu. Mwezi wa Aprili, wakati wa likizo ya shule, tulialikwa kufungisha nikaha ya kijana wetu wa Mombasa na binti wa huko. Buyangu iko katika kaunti ya Kakamega, upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Kakamega kwa njia ya Webuye. Msitu huo ndio mabaki, katika nchi ya Kenya, ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo uliowahi kuenea hadi huku mashariki. Asidhani mtu kwamba Uislamu ni mgeni katika nchi ya Waluhya. Misafara ya pwani ilifika Mumias, makao ya Nabongo, tangu karne ya 19, na kuna jamaa huko ambao babu za babu zao waliswali kabla ya reli kufika Kisumu.

Kwa mtu wa pwani, jambo la kwanza kulijua juu ya Buyangu ni mvua. Asubuhi jua hutoka safi, na baada ya adhuhuri mawingu hujikusanya juu ya msitu. Wenyeji walikuwa wamepanga picha zipigwe nje, majanini, baada ya alasiri. Tulipouliza itakuwaje mvua ikinyesha, baba wa bibi arusi akatujibu: "Sheikh, mwezi huu mvua haikosi. Tukiomba isinyeshe, wakulima watatukasirikia." Tukaelewa kwamba picha zitapigwa ndani, tukaomba tuonyeshwe ukumbi asubuhi ileile, saa tatu, kabla ya viti kupangwa.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida: mrefu, upana wake kiasi cha mita 9, paa la mabati lisilo na dari, madirisha ya mbao pande mbili, ukuta umepakwa kijani nusu ya chini na krimu nusu ya juu. Juu zilining'inia taa mbili za manjano. Aliyepewa kazi ya picha alikuwa binti wa ukoo, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kamera aliyoinunua ikiwa imetumika na flashi moja ya kushikiza juu yake. Familia ilikuwa imeuliza bei kwa kikundi cha mjini chenye taa na jenereta, wakaambiwa bei ambayo ingelisha wageni mia moja. Wakaona heri wageni wale. Binti yule alikuwa na hofu. Akasema: "Sheikh, mimi nimezoea kupiga watoto wakicheza uwanjani. Humu ndani ni kama jioni."

Tukamwambia yale tuliyofundishwa na mzee wa studio, nasi twawaeleza hapa kwa mpangilio, ili yeyote mwenye shughuli ayatumie.

Jambo la kwanza ni kujua tabia ya mwanga. Mwanachuoni wetu Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040, alithibitisha katika Kitab al-Manadhir, kwa majaribio ya taa na ya chumba chenye giza, kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotawanyika na kupungua, na kupungua kwake kuna hesabu: umbali ukiwa mara mbili, mwanga haubaki nusu, hubaki robo. Hapa ndipo lilipozaliwa kosa letu la mahafali. Flashi ilikuwa mita 2 kutoka safu ya mbele na mita 4 kutoka safu ya nyuma; basi wa nyuma walipata robo ya kile walichopata wa mbele. Lau ingalirudi nyuma ikawa mita 6 kutoka kwa wa mbele na mita 8 kutoka kwa wa nyuma, wa nyuma wangalipata zaidi ya nusu. Na lau safu zingalisogezwa, wa nyuma wakawa mita 7 tu, wangalipata karibu robo tatu. Haikuhitajika taa nyingine. Ilihitajika kurudi nyuma hatua chache na kubana safu.

Jambo la pili ni kuutafuta mwanga usiouzwa. Dirisha ni taa ya bure, na siku ya mawingu ni taa laini kuliko nyingi zinazokodishwa. Kosa la wengi ni kuwasimamisha watu mgongo wao ukiwa kwenye dirisha, ati kwa sababu nyuma yao panapendeza. Hapo kamera huona dirisha na kuzisahau nyuso. Sisi tulifunga mbao za madirisha ya upande mmoja na kuyaacha wazi ya upande wa pili. Watu wakapangwa mbele ya ukuta uliofungwa, nyuso zikielekea madirisha yaliyo wazi, na mpiga picha akasimama kuyapa madirisha hayo mgongo.

Jambo la tatu ni kuikuza taa ndogo. Flashi ni tundu dogo lenye mwanga mkali. Ikimpiga mtu usoni moja kwa moja hutoa weupe wa ghafla na kivuli cheusi ukutani. Katika nyumba yenye dari nyeupe, dawa yake ni kuielekeza flashi darini, na dari yote ikageuka kuwa taa. Lakini ukumbi wa Buyangu haukuwa na dari, na mwanga ukipelekwa kwenye mabati ya juu hupotelea hukohuko. Ukuta nao ulikuwa nusu kijani, na mwanga huchukua rangi ya kile unachokigusa. Tungaliuelekeza hapo, wageni wangalitoka kama wagonjwa wa homa ya manjano.

Basi tukaomba mashuka mawili meupe ya kitanda. Mama wa bibi arusi aliyatoa sandukuni, yamekunjwa yananukia udi. Tukafunga kamba kutoka boriti hadi boriti juu ya madirisha yaliyo wazi, tukayatandaza mashuka na kuyabana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Binti akaigeuza flashi, badala ya kuwatazama watu ikayatazama mashuka yaliyo nyuma na juu yake. Mwanga ukenda shukani, ukarudi ukumbini mpana na mpole kama dirisha jingine. Kilichonunuliwa siku ile kwa ajili ya mwanga ni kamba na betri nne za flashi. Mashuka yalirudi sandukuni jioni.

Ni kweli kwamba mwanga uliosafiri mbali hufika umepungua. Kamera hulipia upungufu huo kwa njia tatu. Uwezo wake wa kuhisi mwanga, ule uandikwao ISO, tuliupandisha hadi 1600. Kilango chake tulikiacha wazi kwa sehemu ya 60 ya sekunde, na kamera tukaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu ili isitikisike. Tundu la lenzi tuliliweka kwenye 5.6, kwani likifunguliwa zaidi ya hapo, safu moja huwa wazi na nyingine ukungu. Mwenye simu tu asikate tamaa. Na aizime flashi ya simu, kwani haifiki mbali. Aisimamishe simu juu ya kitu kisichotikisika, aguse uso wa mtu kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa uso, na atumie kipima muda badala ya kubonyeza kwa kidole.

Jambo la nne ni kutochanganya taa za rangi mbalimbali. Mwanga wa dirisha huelekea ubuluu, wa balbu za kale huelekea manjano, na baadhi ya taa za mirija huelekea kijani. Jicho huzoea, kamera haizoei, nayo humpa mtu shavu moja la rangi hii na jingine la rangi ile. Mwanga wa flashi hukaribiana na wa mchana, kwa hiyo tulizima zile taa mbili za manjano. Watu walishangaa kuona twazima taa kwa ajili ya kupata mwanga. Mvua ilipoanza kwa kishindo, umeme ukakatika kijiji kizima, nasi hatukupoteza kitu.

Jambo la tano ni kuwapanga watu. Wazee wakae vitini mbele, wa makamo wasimame nyuma yao, na vijana wapande juu ya mabenchi imara nyuma kabisa. Safu tatu zilizobanana, kila mmoja akilala kidogo upande ili uso wake upite kati ya vichwa viwili. Safu zipinde kama mwezi mchanga, ncha zikielekea mbele, ili walio pembeni wasiwe mbali na mwanga kuliko walio katikati. Pawe na mita moja na nusu kati ya watu na ukuta, vivuli vianguke sakafuni. Wenye miwani wainamishe kidevu kidogo, na mwanga utoke juu, ili vioo visimete. Kwa kundi la watu 20, zisipigwe picha chini ya 6, kwani daima yuko atakayefumba macho.

Jambo la sita ni rangi za nguo na za ngozi. Kamera hukisia mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu. Ikiona kanzu nyeupe 20, hudhani mwanga umezidi, ikautia giza, na nyuso zetu nyeusi zikazama. Ikiona mabuibui meusi 20, hudhani mwanga umepungua, ikauzidisha, na nyuso zikafifia. Basi mwanga na upimwe usoni, si nguoni. Tukumbuke pia kwamba vyombo hivi havikutengenezwa vikitufikiria sisi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi za kusawazishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mwenye kamera akiiachia mashine iamue yote, asistaajabu ikimwona mgeni mmoja na kumsahau mwingine.

Hayo ni ya ufundi. Sasa twawaelekea mama zetu na dada zetu, kwani hili lililobaki lawahusu zaidi.

Haki ya kuonekana ina dada yake, nayo ni haki ya kutoonekana. Pale Buyangu wanawake walipigwa picha kwanza, ndani ya ukumbi uleule, wanaume wote wakiwa barazani, na aliyeshika kamera ni binti yule. Mlangoni akasimama shangazi yake na kikapu, na kila simu ikaingia kikapuni. Twawasihi wenye shughuli walifanye hili jambo la kawaida. Picha moja iliyopigwa kwa siri hutoka katika simu moja hadi mia kabla ya biriani kupoa, na aliyevua mtandio wake kwa kuamini kwamba yu miongoni mwa wanawake wenziwe huwa amevunjiwa nyumba yake.

Liko na jambo ambalo wengi hawalijui, nasi tuliambiwa na yule mzee wa studio. Mwanga mkali hupenya nguo nyepesi kuliko jicho linavyopenya. Dera ambalo chumbani laonekana la kusitiri, likisimama mbele ya dirisha huonyesha umbo lote, na likipigwa flashi ya karibu huweza kuonyesha nguo za ndani. Aliyelivaa hakukosea, hakuambiwa tu. Basi kabla ya siku, kila mwenye nguo nyepesi aishike mbele ya dirisha na kuweka mkono wake nyuma yake. Akiuona mkono, kamera itaona zaidi ya mkono. Na avae shimizi nzito ndani, au abadilishe nguo. Mpiga picha naye asimsimamishe mwanamke mbele ya dirisha wala taa iliyo nyuma yake, na autumie mwanga uliolainishwa kwa shuka, usiopenya kama ule wa moja kwa moja.

Tafakarini, ndugu zetu, kwamba sura ya 24 katika Msahafu, yenye jina la Nuru, ndiyo hiyohiyo iliyobeba amri ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na amri ya kuinamisha macho kwa wanaume na kwa wanawake. Nuru na sitara zimekaa pamoja. Mwenye kushika taa asidhani kwamba kazi yake ni kumulika tu.

Tena picha ni amana. Kabla ya binti kuanza, mama wa bibi arusi aliuliza mbele ya wote: picha hizi zitakaa kwa nani, nani ataziona, na nani hataki awemo? Wawili wakasema hawataki, wakakaa kando bila ya kuulizwa sababu, wakaletewa chai. Tuliposimuliwa hayo baadaye tuliona kwamba mama yule ametushinda sisi tunaosomesha fiqhi.

Kisha ikaja picha ya wazee wa pande mbili, kila upande na wake, wote katika sitara kamili. Hapo alikuwapo nyanya wa bibi arusi, ambaye wajukuu humwita kukhu, kwa Kiluhya. Yeye si Mwislamu; ni muumini wa kanisa la Marafiki, kama walivyo wengi wa upande huo, na alikuja na kilemba chake cheupe kichwani akiwa na heshima kuliko sote. Tulipokuwa twapanga viti alisogea nyuma kabisa, karibu na ukuta, akasema: "Mimi nitasimama huku, vijana waonekane."

Tulinyamaza kidogo. Tulikumbuka mwalimu wa Juzuu Amma na vile vioo viwili vya miwani. Tukamwendea, tukamwambia: "La, mama. Leo wewe wakaa mbele." Akakataa mara mbili, kwa adabu ya wazee. Mara ya tatu mjukuu wake, bwana arusi mwenyewe, akamshika mkono akamleta kwenye kiti cha katikati. Wajukuu wengine wakasimama nyuma yake, na warefu wakapanda mabenchi.

Mvua wakati huo ilikuwa ikipiga mabati, hata sauti ya mtu aliye kando yako huisikii. Binti asingeweza kuhesabu moja, mbili, tatu. Akamwambia ndugu yake ainue leso nyeupe juu ya kamera, na watu wakafahamu: leso ikipanda, macho wazi, ikishuka, pumueni. Akapiga picha 8.

Alipomaliza alimpelekea kukhu kamera, akamwonyesha picha katika kile kioo kidogo cha nyuma. Bibi akaikaribisha machoni, kisha akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, kidole chake kikipita juu ya kioo: walioketi, waliosimama, mpaka wale wa juu ya mabenchi. Alipofika kwa wa mwisho, kijana mweusi sana aliyesimama pembeni kabisa, akasema: "Hata huyu wa nyuma namwona." Kisha akauliza: "Na mimi ndiye huyu?" Binti akamjibu: "Ndiwe, kukhu." Akairudisha kamera, akaomba achapishiwe nakala moja ya karatasi, kwani simu, alisema, hufa na picha zake.

Ombi hilo nalo ni somo. Enyi wenye shughuli, chapisheni walau picha moja kwa kila nyumba, na nyuma yake andikeni tarehe, mahali, na majina kwa safu. Wajukuu wa kesho hawatamjua yeyote katika simu iliyovunjika.

Basi tukusanye tuliyoyasema kwa maneno machache. Utazame ukumbi mapema, saa zilezile za picha ukiweza. Zielekeze nyuso dirishani. Rudisha taa nyuma na ubane safu. Igeuzie flashi dari nyeupe, au shuka jeupe pasipo dari. Zima taa za rangi nyingine. Pima mwanga usoni. Wazee mbele. Simu kikapuni. Uliza asiyetaka. Utie pia katika ratiba ya shughuli nusu saa kamili kwa ajili ya picha, wala usimharakishe mpiga picha kama tulivyofanya sisi, kwani dakika tulizookoa usiku ule wa mahafali hatujui tulizitumia kwa nini, na picha tuliyoipoteza twaijua.

Wale wana wa mwalimu wetu tumewaomba radhi, nao wametusamehe. Bado picha ile wanayo. Wamesema kwamba wao humjua mama yao kwa namna alivyosimama, hata uso ukiwa gizani. Hilo ni wema wao, halitupunguzii deni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyuso za wazazi wetu waliotangulia, azisitiri aibu zetu sisi tuliobaki, na azibariki nyumba zote zilizofungwa kwa nikaha mwaka huu, za pwani na za bara. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.